Kikao cha Kiungo Mrefu

Uani kwangu siku ile tulikuwapo watu hawa. Mwenyekiti wa timu, kaka mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo shemeji yangu. Mfadhili, mwenye lori na duka la mitumba, aliyemwoa binti wa shangazi yangu, kwa hiyo shemeji yangu naye, ila wa upande mwingine. Kocha, mwalimu wa shule ya msingi, aliyepanga chumba changu cha mbele. Mtani wangu, Mmakonde, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mdogo wangu wa kiume, tumbo moja baba mmoja, kapteni wa timu na namba nane yake. Yule kijana mrefu kutoka Kitomanga, aliyekuwa si ndugu wa mtu yeyote pale, au ndivyo tulivyodhani. Na mimi, ambaye sikuwa mjumbe wa chochote. Nilikuwa nakaanga bagia. Mume wangu hakuwapo, alikuwa Lindi kwa shughuli zake, na hapo wengi hukosea wakisimulia. Wa mwisho alikuja katikati ya maneno, nitamfikia.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na yale ya uwanjani waliyopewa na mashabiki. Shule niliishia darasa la pili, basi vitu vyangu vyote nimeviweka kichwani, na huko havijaliwa na mchwa. Ila majina sitayatoa. Wengine wametangulia mbele ya haki, hawawezi kujitetea, na wengine wapo na wana wakwe. Nitawataja kwa udugu.

Timu yetu ya Kilwa Masoko zamani ilikuwa ya shirika. Shirika lilitoa jezi, lilitoa gari, na mchezaji akiumia lilimpeleka hospitali. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Sabuni zikarudi madukani, na sukari, na khanga zenye rangi isiyotoka, na kila mtu akafurahi, hata mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini shirika likafungwa mlango. Ofisi ikapata mwenyewe mwingine, na kabati la vikombe likaletwa kwangu kwa mkokoteni kwa sababu mume wangu alikuwa mwekaji wa funguo. Tangu siku hiyo uani kwangu ndiyo ikawa ofisi. Wajumbe walikaa kwenye mikeka na viti vya kukunja, vikombe vikiwatazama kutoka ndani ya kabati pale barazani, na kuku wangu wakipita katikati ya ajenda.

Miaka hiyohiyo vijana wakaanza kutuondoka. Basi la Dar es Salaam liliondoka alfajiri, na kila likiondoka lilichukua wawili watatu. Waliporudi Idi walikuja na saa mkononi na suruali ngumu, wakatuhadithia jinsi wanavyotembea Kariakoo kutwa, mikanda imening'inia shingoni, vitana mkononi, wakimwita kila mpita njia mjomba. Kule walikuwa wanaitwa Wamachinga wote, awe Mmatumbi, awe Mmwera, awe Mngindo. Wamachinga wenyewe wa Mchinga walikuwa wanashangaa kabila lao limekua ghafla.

Mdogo wangu alikuwa hajaenda. Wenzake aliocheza nao utotoni walikuwa wamekwisha kwenda karibu wote. Mimi ndiye niliyemlea. Mama yetu alifariki huyu akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ni huu. Alikuwa mfupi, mwenye mapaja mazito, anacheza kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, kichwa chini, mpira haumtoki mguuni. Kazi yake ilikuwa kupakua mizigo bandarini meli ikija, na meli hazikuja kila siku. Kilichomshikilia Masoko ilikuwa namba nane. Siku za mechi akipita sokoni, wauza samaki walimpa mkono, na wazee walimwita kapteni bila mzaha. Mtu anayeitwa hivyo mahali hawezi kuondoka kirahisi akauze vitana mahali asikojulikana.

Sasa mfadhili naye. Aliponunua lori alianza kwenda Kitomanga kununua korosho, maana watu binafsi walikuwa wameruhusiwa. Safari moja lori likamharibikia huko, na wakati fundi yuko chini ya gari yeye akaenda kutazama vijana wanacheza mpira kwenye uwanja wa shule. Akamwona mtu mmoja mrefu anasimama katikati kama nguzo ya simu, mpira unakwenda kwake wenyewe. Aliporudi Masoko, juu ya magunia ya korosho alikuwa amekaa yule kijana.

Nataka niwaambie urefu wake, kwa sababu siku hizi kila mtu mrefu anasifiwa bure. Mlango wangu wa uani aliingia amekunja shingo na magoti pamoja. Aliponisalimia shikamoo aliinama, na hata alipoinama mimi niliitikia marahaba nikitazama kifua. Kitanda cha kamba nilichompa kambini, maana wageni wa timu walilala kwangu, miguu yake ilitoka nje kuanzia chini ya goti. Mtani wangu alikuja kumtazama asubuhi ya kwanza akasema huyu mkimsajili mtalazimika kusajili na nusu ya chumba cha jirani. Jezi ilimfika kitovuni. Njumu ndizo zilikuwa tabu kubwa. Mfadhili alifungua robota za mitumba dukani kwake, moja baada ya nyingine, akatafuta kiatu cha kumtosha, na alichopata kilikuwa njumu ya mguu wa kulia tu, nzuri sana, ya Ulaya, haina mwenzake. Siku ya majaribio yule kijana alicheza na njumu kulia na raba kushoto.

Walicheza na timu ya Kivinje. Kivinje walikuwa na mabeki wawili warefu waliokuwa wanatufunga kwa kona kila mwaka, mpaka watoto wetu wakiona kona wanafumba macho. Siku ile kona zilikuja, na kila moja kichwa cha kwanza kufika kilikuwa cha yule wa Kitomanga. Mpira wa juu aliuteremsha kwa kifua kama mtu anayempokea mtoto. Aliona mbali, pasi zake zilivuka uwanja. Lakini akipoteza mpira alirudi taratibu, kama anayerudi sokoni na hana haraka, na mtu mfupi akimzunguka, mpaka yeye ageuke, yule mfupi amekwisha fika kwa kipa. Mambo yote mawili tuliyaona. Kwa hiyo mji ukagawanyika.

Ubishi ulianza uwanjani, ukaingia sokoni, ukafika mpaka kwenye foleni ya maji. Wazee walisema mpira unachezwa chini, aliye karibu na ardhi ndiye mwenyewe. Vijana waliokuwa wanakwenda kwenye banda la video, lile la mashine ya umeme inayonguruma kuliko mtangazaji, walisema dunia imebadilika, Ulaya viungo wote ni warefu. Muuza nazi mmoja akauliza kama Ulaya pia wanacheza kwenye mchanga. Mjini hapakuwa na mtu asiyekuwa kocha. Wanawake nao walisema yao. Mimi peke yangu nilinyamaza, kwa sababu kila mtu alijua kuwa namba aliyokuwa anaitaka yule mrefu ni namba nane, na kila mtu alikuwa anatazama nitasema nini.

Mdogo wangu alisema kitu kimoja tu, na aliniambia mimi, tukiwa tunateka maji kisimani. Akaweka ndoo chini.

"Dada, wakimsajili yule, mimi napanda basi. Sitakaa benchi mji huuhuu nilioitwa kapteni."

Nilimtwisha ndoo yake, nikajitwisha yangu. Nilikuwa nawaza mgongo wake kwenye dirisha la basi, na mikanda shingoni.

Mwenyekiti na mfadhili walikwisha kwenda Kitomanga kumwomba kijana. Walifanya kama tunavyofanya sisi wa pwani: wakauliza baba yake ni nani, wakapelekwa kwa baba, wakatoa koti moja safi la mtumba kwa baba na doti ya khanga kwa mama, wakapewa mtama na kuku, baba akasema kijana ni wenu. Wakarudi wamefurahi. Mfadhili alikuwa ameahidi kumpa kijana kazi ya utingo kwenye lori. Kilichobaki ilikuwa kikao kiseme ndiyo au hapana.

Kikao kikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Mwenyekiti akafungua kwa dua, kisha maneno yakaanza.

Mfadhili akasema sana. Akasema yeye si mtu wa pwani wa kukaa na kusubiri, ameingia kwenye timu hii ili ishinde, na timu haiwezi kushinda kwa huruma. Kocha akasema, kwa upole wake, kwamba yeye anawapenda wote wawili lakini Kivinje hawatasubiri tukue. Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi, anakuna kidevu. Akauliza kama haiwezekani mrefu acheze beki. Kocha akasema hawezi, hana mbio, uzuri wake uko katikati. Mtani wangu akaingilia kutoka jikoni, hakuna aliyempa nafasi, akasema wamweke golini, hatahitaji kuruka, atavuna mipira tu kama papai. Watu wakacheka, hata yule kijana alicheka, amekaa juu ya kinu changu kilichopinduliwa na bado magoti yamefika kifuani. Mwenyekiti akamwambia mtani wangu kikao hiki ni cha wajumbe. Mtani akasema basi wajumbe wasile bagia.

Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, anachora mchanga kwa kidole. Mfadhili akamtaka kapteni aseme anaonaje. Mdogo wangu akajibu kwamba kapteni hawezi kupiga kura juu ya mguu wake mwenyewe, waamue, atasikia. Mafuta yangu tu ndiyo yalikuwa yanasema.

Wakawa tayari kunyoosha mikono. Ndipo hodi ikapigwa.

Aliingia mtu mzima, kanzu imechafuka vumbi la njia, fimbo mkononi, na koti la mtumba limekunjwa begani. Lile lile la mfadhili. Akasalimia, akakaribishwa, hakukaa. Yule kijana mrefu alipomwona alisimama wima, na kichwa kikagonga kenchi ya paa la banda langu. Huyu alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, kutoka Kitomanga.

Akaliweka lile koti kwenye mkeka mbele ya mwenyekiti, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani.

"Nani amewapeni mtoto wangu?"

Mfadhili akasema walipewa na baba yake, kwa heshima zote, tena mbele ya watu.

"Baba yake ni shemeji yangu, mtu mwema," akasema yule mjomba. "Lakini hawezi kutoa kisicho chake. Huyu ni wa tumbo la dada yangu. Ninyi watu wa pwani mna akili za madukani, mnamwuliza mwenye nyumba, hammwulizi mwenye mali."

Mwenyekiti alikuwa Mmatumbi, na mfadhili watu wake walitoka mbali, na kocha alikuwa mgeni kwetu. Hawakujua. Mimi nilijua, maana mama yangu alikuwa Mmwera. Kwa Wamwera, na Kitomanga ni kwao, mtoto huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba anamlisha, mjomba anamtoa. Kama wangeniuliza kabla ya kwenda, ningewaambia, ila hakuna aliyefikiri kuuliza mkaanga bagia habari za usajili.

Basi pakawa na kuombana radhi. Mwenyekiti alisimama mwenyewe akaomba, na aliomba vizuri, alikuwa na ulimi. Nikaleta maji ya kunawa, nikaleta ugali wa muhogo na samaki changu niliyekuwa nimemweka wa usiku. Mjomba akakaa. Alipoonja mchuzi akaniangalia. Kikwetu mchuzi ule tunauunga kwa ufuta, si kwa nazi. Wa pwani hawafanyi hivyo. Mama yangu alinifundisha.

Akaniuliza, "Mama, wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia mama yangu. Akatikisa kichwa, hamjui. Nikamtajia mama wa mama yangu. Akaacha tonge mkononi. Nikamtajia mama wa bibi yangu, na mahali alipozikwa, ng'ambo ya Mbwemkuru, na binti zake aliowazaa, mmoja mmoja kwa mpangilio waliozaliwa. Bibi yangu alikuwa na mdogo wake wa kike aliyebaki bara wakati yeye alipoolewa pwani. Nilipolitaja jina la yule mdogo, mjomba akaweka tonge kwenye sahani.

"Huyo ndiye bibi aliyetulea," akasema. "Huyo ndiye mama wa mama yetu."

Mjukuu wa dada na mjukuu wa mdogo. Kwa hesabu ya Kimwera huyo alikuwa kaka yangu, na mama wa yule kijana mrefu dada yangu. Tulikuwa tumepotezana kwa sababu ya mto. Masika yakija Mbwemkuru inafunga barabara, na mtu akikosa misiba ya mwaka mmoja, na wa pili, watoto wanakua bila kuonyeshana. Nililia kidogo, sikuona aibu. Na yule naye alifuta macho kwa mkono wenye mchuzi, macho yakamwasha, tukacheka tukiwa tunalia. Mtani wangu akasema nimepata kaka wa bure, wengine wananunua.

Wajumbe walikuwa bado hawajaona kitu kilichotokea. Mimi nilikuwa nimekiona tangu kabla sijamaliza kuyataja yale majina, na moyo wangu ulikuwa unaruka. Kwa sababu kama mama wa yule kijana ni dada yangu, basi ni dada wa mdogo wangu pia. Na mdogo wangu, mwenye namba nane, alikuwa mjomba wa yule mrefu.

Mjomba wa Kitomanga naye aliona. Akauliza, huyo kapteni wenu ni yupi? Mdogo wangu akanyanyua mkono kutoka pale mlangoni. Mjomba akamwita aje akae kwenye mkeka, ubavuni kwake. Akamweleza polepole, kwa Kimwera kwanza, mdogo wangu hakisikii sana, kisha kwa Kiswahili. Akasema alikuja kumrudisha mtoto, kwa sababu mahali hapa hakukuwa na mtu wake. Akiugua, akigombana, akitaka kuoa, nani angesimama? Lakini sasa amekuta kuna mjomba. Mjomba mdogo, lakini mjomba. Kwa hiyo yeye hana la kusema tena, neno ni la huyu.

Nadhani hapo ndipo mfadhili alipoelewa, maana alijishika kichwa. Kikao chote, mabishano yote ya sokoni na kwenye foleni ya maji, Ulaya na mchanga wetu, vilikuwa vimeangukia mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anapokonywa namba. Akisema hapana, kijana angepakiwa kwenye lori jioni ileile, na hakuna ambaye angethubutu kumlaumu. Angebaki kapteni. Angebaki Masoko. Mimi nilitaka aseme hapana. Nasema kweli, nilikuwa nimeshika upawa na mafuta yalikuwa yanaungua, na nilitaka aseme hapana.

Yule kijana mrefu alikuwa bado amesimama, amekunja shingo chini ya kenchi, hajui atazame wapi. Mdogo wangu akamtazama kutoka chini mpaka juu, safari ndefu ile. Akamwambia akae, anamtia kizunguzungu. Kijana akakaa chini kabisa, mchangani, mbele yake. Mdogo wangu akamuuliza kama anapenda kucheza hapa. Akasema ndiyo, mjomba. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile, na alilisema bila kufundishwa.

Mdogo wangu akageukia wajumbe.

"Nani aliwahi kumwona mjomba anagombea sahani na mpwa wake? Mwandikeni. Na namba nane mpeni, mimi nitavaa itakayobaki."

Hawakunyoosha mikono. Hakuna aliyekumbuka. Mwenyekiti alisoma Fatiha, watu wakaitikia, kikao kikaisha. Bagia zangu zote zilikuwa zimeungua, na zililiwa zote.

Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia kilio kingine, si kile cha furaha. Nilikuwa nimempata kaka na nimempoteza mdogo, nilivyofikiri. Nilianza hata kumtafutia begi.

Asubuhi yake mjomba wa Kitomanga alipokuwa anapanda lori kurudi, alimshika mdogo wangu mkono, akamshika na yule kijana, akaiweka mikono yao pamoja. Lile koti akalivaa, maana sasa lilikuwa limetoka kwa ndugu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Nimekuachia mtoto. Nikija nikikuta hupo, nitamkuta nani?"

Basi. Lakini wewe uliyezaliwa kwenye tumbo la Kimwera unajua neno hilo lina uzito gani. Mtu aliyekabidhiwa mpwa hapandi basi. Mdogo wangu alisimama pale barabarani mpaka vumbi la lori likatulia, kisha akanigeukia, akaniambia dada, tupike nini huyu mtu mrefu ashibe. Lile begi nililirudisha mvunguni.

Mwanzoni ilimwuma, nisidanganye. Mechi ya kwanza, na timu ya Somanga, alivaa fulana ya kawaida, akakaa benchi, na watu walipita mbele yake wakitazama pembeni. Lakini kipindi cha pili, yule mrefu alipopoteza mpira na kuanza kurudi kwa ule mwendo wake wa sokoni, mdogo wangu alinyanyuka kwenye benchi akapiga kelele uwanja mzima ukasikia. Kocha asingeweza kumpigia kelele hivyo, kocha ni mwalimu, ana adabu. Mwenyekiti asingeweza. Mjomba anaweza. Yule kijana akakimbia. Watu hawakuwahi kumwona anakimbia. Alikimbia miguu imetawanyika kama ya twiga, akamkuta yule wa Somanga kabla hajapiga, akauchukua mpira. Uwanja ulicheka mpaka refa akacheka.

Ikawa ndiyo mtindo wa timu yetu. Kocha akampa mdogo wangu namba mbili, beki wa kulia, ili awe ndani ya uwanja na sauti iwe karibu. Mrefu akipanda, mfupi anaziba. Mrefu akichelewa, unasikia, "Mjomba, rudi!" na mrefu anajibu, "Narudi, mjomba!" Kwa kuwa mjomba na mpwa wote huitana mjomba, timu za nje zilichanganyikiwa hazijui nani anamwamrisha nani. Kivinje walikoma kutufunga kwa kona. Njumu ya kushoto ilipatikana baadaye, rangi nyingine, ya kampuni nyingine, akavaa hivyohivyo, na watoto wa mjini wakaanza kuvaa viatu viwili tofauti kwa makusudi.

Alikaa kwangu misimu kadhaa. Nilimwongezea kitanda kwa kuunganisha benchi mwishoni. Kila Idi nilikwenda nao Kitomanga kwa lori la mfadhili, nikaonyeshwa makaburi ya watu niliokuwa nawajua kwa majina tu. Siku moja ilikuja timu kubwa kutoka Mtwara kumtaka yule mrefu. Hawa walikuwa watu wa kusini, hawakwenda kwa baba. Walikwenda kwa mjomba Kitomanga, na mjomba akawarudisha Masoko, akasema mwulizeni yule aliye naye. Nikawaona wageni watatu wenye viatu vya kung'aa wamekaa kwenye mkeka wangu wanamwomba mdogo wangu ruhusa, yule mpakua mizigo, na yeye anawauliza huko Mtwara atakaa kwa nani, akiugua nani atasimama. Waliondoka bila jibu, wakarudi tena na mama mmoja wa huko, mtu wa ukoo. Hapo akakubali. Alimsindikiza mpaka Mtwara mwenyewe, akakiona chumba, akakipima kitanda, ndipo akarudi.

Mdogo wangu hajakwenda Dar mpaka leo, isipokuwa kutibiwa macho. Alioa hapa, na miguu ilipoukataa mchezo akabaki na sauti. Uwanja wa Masoko sasa una nyasi upande mmoja. Jioni nyingine vijana wakicheza namsikia kutoka kwangu anamkemea mtu arudi nyuma, na mimi huku jikoni nanyamaza nisikilize kama kuna atakayemjibu. Wanamjibu. Wanamwita mzee, hawamwiti mjomba, lakini wanarudi.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka. Mtani wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema bagia hazikuungua, eti mimi najitia huruma. Wengine wanasema kikao kilikuwa Alhamisi. Wapo wanaoapa kwamba mwenyekiti alinyoosha mkono wa kukataa kabla ya hodi kupigwa, na mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa nimeinamia mafuta, inawezekana. Kama ulikuwapo uani siku ile, au mama yako alikuwapo, na umeona mahali nimempa mtu maneno yasiyo yake au nimemkalisha mtu mahali ambapo hakukaa, usinionee haya kwa sababu ya umri wangu. Nyumba haijahama. Pita useme ilikuwaje, na uanze kwa kuniambia wewe ni wa tumbo la nani.